Kuagiza Japani, kununua bondi, au kuchukua gari lililokwisha tembea Uganda: ulinganisho wa njia tatu

Mwenye fedha za gari dogo Uganda ana njia tatu za kulipata. Anaweza kuagiza mwenyewe kutoka Japani kupitia kampuni ya mtandaoni, akalisubiri Mombasa. Anaweza kwenda bondi, zile yadi za Kampala na viunga vyake, kama Nakawa, Jinja Road na Bweyogerere, ambako magari yamepangwa yakiwa hayajapewa namba. Au anaweza kumfuata mtu ambaye gari lake tayari lina namba za Uganda. Wanunuzi wengi huchukua bei tatu walizotajiwa, wakazilinganisha, wakakimbilia ndogo. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu bei hizo hazipimi kitu kimoja. Ya kwanza haina kodi. Ya pili huenda ina kodi na huenda haina. Ya tatu ina kodi lakini haina shokapu.

Kinachotofautisha njia hizi ni kile unachoweza kukihakikisha kabla ya kutoa fedha. Ukiagiza, unaweza kujua historia ya gari vizuri sana lakini hutaligusa. Bondi utaligusa, ila barabarani hutaliendesha. Kwa mwenye gari utaliendesha utakavyo, lakini utalazimika kuchimba historia na hati mwenyewe. Hakuna njia inayokupa vyote vitatu.

Tunapima nini

Kila njia tumeipima kwa mambo yale yale: gharama mpaka gari liwe barabarani kwa jina lako, historia ya gari, nafasi ya kulikagua, muda na namna ya kulipa, hati, na matengenezo ya miezi sita ya kwanza. Kwa mfano tutatumia Toyota Premio, kwa kuwa kila fundi anaijua na spea zake zimejaa Kisekka na Ndeeba, masoko ya spea ya Kampala. Mengi yaliyosemwa hapa yanaihusu pia Allion, Wish, Fielder na Noah.

Kuna sheria moja inayopaswa kujulikana mapema. Tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi kutoka mwaka lilipotengenezwa. Hii ina maana kwamba Premio ya kizazi cha 240, iliyotengenezwa kati ya 2001 na 2007, haiagiziki tena. Spacio vivyo hivyo, na Ipsum, ambayo uzalishaji wake ulikoma 2009. Ukiyataka magari hayo, njia ya tatu ndiyo pekee iliyobaki, na kila utakaloliona limekula mashimo ya Uganda kwa miaka mingi. Njia mbili za kwanza ni za Premio 260, kizazi kilichoifuata 240, na magari ya rika lake.

Njia ya kwanza: kuagiza mwenyewe

*Gharama.* Bei inayoonekana kwenye tovuti mara nyingi ni FOB, yaani bei ya gari likiwa bandarini Japani. Wewe uliza CIF, ambayo imejumlisha nauli ya meli na bima hadi Mombasa, kwani kodi hupigwa juu ya CIF. Na hata hiyo CIF si lazima iwe ile uliyolipa: URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika kulingana na aina na mwaka, na ankara yako ikiwa chini ya hapo, watatumia yao. Kwa hiyo angalia thamani ya URA kabla ya kufurahia bei rahisi.

Tuchukue gari ambalo URA imelithamini CIF shilingi milioni 15. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 3,750,000. VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya CIF pamoja na ushuru, yaani juu ya 18,750,000, inakuwa 3,375,000. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni 900,000. Ada ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni 225,000. Jumla ni 8,250,000, sawa na asilimia 55 ya CIF, na hapo bado ada za usajili na namba. Sasa, magari ya abiria yaliyozeeka hutozwa pia ada ya mazingira, inayofika asilimia 50 ya CIF. Kwa gari letu hiyo ni 7,500,000 nyingine. Ndiyo sababu gari la zamani linaloonekana la bure Japani linaweza kufika Kampala kwa bei ile ile ya gari jipya zaidi kwa miaka mitatu au minne. Piga hesabu ya magari mawili ya miaka tofauti kabla ya kuchagua. Mara nyingi la miaka michache ndilo lenye nafuu.

Ongeza malipo ya bandari, ujira wa wakala wa forodha, na dereva au lori la kulileta. Kutoka Mombasa hadi Kampala kupitia Nairobi na Malaba ni zaidi ya kilomita 1,100. Magari mengi huendeshwa kwa msafara, na madereva hawa hulipwa kwa safari, kwa hiyo hawasiti kukanyaga mafuta. Likifika, pima oili na maji kabla ya kulisifia.

*Historia.* Hapa njia hii haina mpinzani. Gari lililopita mnadani Japani lina karatasi ya mnada, na karatasi hiyo iliandikwa na mkaguzi wa mnada, wala si na anayekuuzia. Daraja 4 au 4.5 ni gari safi kwa umri wake. 3.5 lina mikwaruzo na mabonde madogo lakini mara nyingi mitambo ni mizima, nalo ndilo linalofaa mfuko wa wengi. R au RA ni gari lililowahi kupata ajali ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa, S ni kutu. Namba inayofuata herufi ni ukubwa: U1 huioni kwa mbali, U3 utaiona ukiwa upande wa pili wa barabara.

Iangalie S kwa makini zaidi ya zote. Magari yaliyotumika Hokkaido na sehemu nyingine za theluji hukanyaga barabara zilizomwagwa chumvi, na chumvi hula chini ya gari: mabomba ya breki, fremu ndogo inayoshika injini, miguu ya nyuma. Rangi ya juu inaweza kung'aa huku chini kunapukutika. Omba picha za chini ya gari. Kampuni inayokataa kuzituma imekwisha kujibu swali lako.

Kilomita zina njia ya kuthibitishwa. Hati ya kuondolewa usajili inayotolewa Japani huonyesha kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa lazima wa serikali yao, ambao kwa gari la abiria hufanyika miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila miaka miwili. Gari lililosomwa kilomita 118,000 mwaka 2019 haliwezi kuwa na 86,000 leo.

*Ukaguzi.* Huwezi kuliendesha. Linalokusaidia ni kwamba gari linaloletwa Uganda linatakiwa kukaguliwa ubora wake hukohuko linakotoka na kampuni iliyoteuliwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, likapewa cheti. Cheti hicho kinathibitisha kwamba gari linafaa barabarani. Hakisemi kwamba gia hazitaanza kusita baada ya mwaka. Hakikisha gharama ya ukaguzi imo ndani ya bei uliyopewa, na usiruhusu gari lipakiwe bila cheti.

*Muda na malipo.* Meli huchukua takriban wiki 4 hadi 6. Ukijumlisha ununuzi, hati na forodha, jiandae kwa miezi miwili hadi mitatu. Fedha zote hutoka mapema, kwa benki, kwenda kwa kampuni usiyoiona. Jina la akaunti lazima liwe jina la kampuni, herufi kwa herufi. Barua pepe ikija ghafla kukuambia "akaunti yetu imebadilika", piga simu kwa namba iliyoko kwenye tovuti yao rasmi kabla ya kutuma hata senti. Wizi wa aina hii hufanyika katikati ya mazungumzo ya kweli, na kampuni yenyewe haina habari.

*Hati.* Ni nyepesi. Hati ya shehena, ankara na hati ya kuondolewa usajili Japani zote zitoke kwa jina lako, na gari litasajiliwa kwa TIN yako (namba ya mlipakodi) likiwa halijawahi kuwa na mwenyewe mwingine Uganda.

*Matengenezo ya mwanzo.* Mitambo huwa mizuri. Mpira ndio unaokufa. Bushi, maunting za injini na mifuko ya mpira ya drive shaft za gari la miaka 11 zimezeeka hata kama kilomita ni chache, na zilizoea lami laini. Miezi mitatu ya mashimo ya Ntinda na Kyanja inatosha kuzipasua. Mengine ni madogo lakini hukera: redio ya Kijapani inaanzia 76 na kuishia 90 au 95 MHz, wakati stesheni nyingi za Uganda ziko juu ya hapo, hivyo utahitaji kifaa cha kupanua mawimbi au redio nyingine. Skrini nayo itazungumza Kijapani.

Njia ya pili: bondi

*Gharama.* Mwenye bondi amelipa meli, bandari na safari, akaweka faida yake. Bei ni kubwa kuliko ya kuagiza, ila wewe huna hatari ya baharini wala ya kutapeliwa mtandaoni. Swali la kwanza kuuliza, kabla hata ya kufungua mlango wa gari: je, bei hii ni pamoja na kodi, usajili na namba, au ni ya gari likiwa chini ya forodha? Magari mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu yanaweza kutajwa kwa bei mbili za namna tofauti. Jibu liandikwe kwenye makubaliano. Dalali aliyekupeleka naye anakula humo humo, hata akikuambia hakutozi kitu.

*Historia.* Gari la bondi nalo lilitoka Japani, na karatasi yake ya mnada ipo mahali fulani. Iombe. Wengine watakuonyesha, wengine watakuambia imepotea. Ikiwa imepotea, chukua namba ya chasi; zipo huduma za mtandaoni zinazotafuta rekodi za mnada kwa namba hiyo kwa malipo madogo. Omba pia nakala ya hati ya Japani yenye kilomita. Kisha linganisha kwa macho: pedali ya breki iliyolika mpaka chuma na usukani unaong'aa kwa kushikwa haviendani na kilomita 60,000.

*Ukaguzi.* Utaligusa, utaliwasha, utaliendesha mbele na nyuma ndani ya yadi. Barabarani, kwa kuwa halina namba, mara nyingi hapana. Tumia vizuri nafasi uliyonayo. Nenda asubuhi na useme tangu jana kwamba gari lisiwashwe kabla hujafika, maana injini baridi ndiyo inayosema ukweli. Cheni ya taimingi iliyolegea kwenye injini ya 1NZ, ile ya Premio za 1.5, hupiga kelele sekunde chache za mwanzo, kisha hunyamaza. Betri ya bondi mara nyingi imekufa kwa kukaa. Likiwashwa kwa waya za gari jingine, usilihesabu kama kosa, lakini bei ya betri mpya iingie kwenye mazungumzo.

Gia: kanyaga breki, peleka D, kisha R, kisha D. Ikipita zaidi ya sekunde moja na nusu hivi kabla ya gari kushika, au ikishika kwa kishindo, kuna shida. Premio 260 ya 1.5 hutumia gia za CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na hatua, na mafuta yake ni ya CVT tu. Ukitiliwa ATF, mafuta ya gia za otomatiki za kawaida, mahali popote pale, mkanda wa ndani huanza kuteleza na gari kutetemeka linapoondoka. Kutetemeka huko hakuonekani vizuri kwenye yadi ya mita hamsini, na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kununua bondi.

Angalia pia vilivyotoweka. Tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu na kadi ya ramani huondoka njiani au yadini. Vya thamani zaidi navyo hubadilishwa. Inama uone kama kikatalisti (kisafisha moshi) kwenye bomba la moshi ni cha asili au kuna bomba jipya lililochomelewa mahali pake.

*Muda na malipo.* Siku chache mpaka wiki moja au mbili, kutegemea kodi na namba. Bondi nyingi hukopesha: unalipa sehemu kubwa mwanzoni, nyingine kwa miezi. Kadi ya gari inabaki kwao, na mara nyingi kwa jina lao, mpaka senti ya mwisho. Soma kifungu kinachosema nini hutokea ukichelewa. Kama kinasema gari litachukuliwa na ulicholipa kitahesabiwa kuwa kodi ya kulitumia, ujue umepangishwa gari. Linganisha pia jumla ya mkopo huo na bei ya fedha taslimu, kwani tofauti yake inaweza kulipia tairi nne na huduma ya mwaka.

*Hati.* Risiti za kodi za URA zionyeshe namba ya chasi iliyoko kwenye gari lenyewe. Usitoke na gari lenye ahadi kwamba "namba zinakuja wiki ijayo" huku umelipa kila kitu.

*Matengenezo ya mwanzo.* Kama la kuagiza, na nyongeza moja: gari lililokaa bondi miezi kwenye jua lina tairi zilizopasuka pembeni na diski za breki zenye kutu. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye tairi: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi la umri huo, hata likiwa na meno mengi, si la kupandia barabara ya Masaka kwa kasi.

Njia ya tatu: gari lenye namba za Uganda

*Gharama.* Bei ya chini kuliko zote kwa aina moja ya gari, na ndiyo pekee inayokupa Premio 240, Ipsum au Kikumi, ile Corolla ya zamani. Hakuna kodi ya kuingiza. Kuna ada ya kuhamisha umiliki na bima ya lazima. Lakini bei hiyo ni nusu ya hesabu. Weka kando angalau asilimia 15 ya bei kwa matengenezo ya mara moja, na kwa gari la zaidi ya miaka 15 barabarani, weka 25.

*Historia.* Wauzaji wachache wana daftari la huduma. Badala yake uliza maswali yenye majibu ya kupimika. Oili ilibadilishwa lini, na ya aina gani? Gia zilibadilishwa mafuta? Injini hii ni ya asili au ilinunuliwa? Injini zilizotumika kutoka Japani ni biashara kubwa Kampala, na kubadilisha si kosa. Kosa ni namba ya injini iliyoko kwenye gari kutofanana na ya kwenye kadi. Kwa 1ZZ, iliyokuwamo kwenye Premio 240 za 1.8, uliza linakula oili kiasi gani kati ya huduma na huduma: za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa pete za pistoni zinazopitisha oili. Zile za 2.0 zenye maandishi D4 zina pampu ya petroli ya shinikizo kubwa, na mafundi wengi wa mitaani hawana subira nayo. Anayetaka amani kwenye 240 atafute ya 1.5 yenye 1NZ-FE: inatumia cheni badala ya mkanda, inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, na hakuna fundi asiyeijua.

*Ukaguzi.* Hapa ndipo njia hii inapozipita nyingine, na ni aibu kuona wanunuzi wakizunguka gari mara mbili na kupiga tairi teke. Chukua fundi wako. Wa muuzaji mwache nyumbani. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji ya rangi ya kutu ni alama kwamba gari limekuwa likitiliwa maji ya bomba kwa miaka. Ukiona mafuta yakielea juu, acha hapo hapo.
2. Fungua kifuniko cha oili. Utando wa rangi ya kahawa yenye maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili, mara nyingi kwa hedi gasketi iliyoungua.
3. Tazama kama injini imeoshwa asubuhi hiyo. Injini chafu yenye vumbi kavu ni rafiki yako, kwa sababu vumbi huonyesha mvujo. Iliyong'arishwa imefichwa kitu au imeoshwa kwa nia njema, nawe huwezi kujua ni kipi.
4. Unganisha skana, kifaa cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari. Taa ya injini isiyowaka hata unapofungua swichi imeondolewa balbu au imefunikwa. Kompyuta ambayo makosa yake yamefutwa jana itasema vipimo vyake havijakamilika.
5. Pima volti za betri: takriban 12.6 gari likiwa limezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 likiwaka. Chini ya 13 likiwaka, alteneta inachoka.
6. Kama bei ni ya kukuumiza, lipa fundi apime mgandamizo wa silinda. 1NZ-FE nzima hutoa karibu bar 14.7, tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi bar 1.
7. Endesha kupanda Muyenga au Kololo, kisha liingize kwenye jamu huku AC ikiwa imewashwa. Magari mengi ya Kampala hayachemshi kwenye barabara kuu; huchemsha kwenye msongamano, feni inapokuwa dhaifu au rejeta imeziba. Dakika 20 za jamu zitakuambia zaidi ya dalali.
8. Pita kwenye barabara ya udongo yenye mawimbi, madirisha yakiwa wazi na redio imezimwa. Kugonga kwa mbele kwenye shimo dogo ni boli joini au linki ya stabilaiza. Kugonga unapofunga breki ni bushi za kontroli amu. Gari kuyumba baada ya tuta ni shokapu.

Likiwa juu ya jeki, tikisa tairi juu na chini, kisha kulia na kushoto. Kucheza juu na chini ni boli joini au beringi, na kulia na kushoto ni tai rodi. Breki pedi zilizobaki milimita 3 zihesabiwe zimekwisha.

*Muda na malipo.* Unaweza kulichukua leo, na hapo pana mtego wake. Muuzaji anayekuambia "kuna mtu anakuja saa kumi" anataka usifike hatua inayofuata.

*Hati.* Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Jina kwenye kadi ya gari lifanane na kitambulisho cha taifa cha anayepokea fedha. Gari linaloweza kuwa limepita mikono mitatu bila uhamisho huja na fomu iliyosainiwa na mtu usiyemwona, pengine aliyefariki, na ukiliweka kwa jina lako utaanza safari ya kutafuta familia. Namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi kwenye ukuta kati ya injini na abiria, ilingane na kadi, na isiwe na alama za kusagwa. Tafuta gari kwenye rejesta ya dhamana ya URSB, ofisi ya serikali ya usajili, iitwayo SIMPO, ambako wakopeshaji husajili mali zilizowekwa rehani. Kadi iliyo mkononi mwa muuzaji haimaanishi kwamba hakukopea. Angalia faini za trafiki ambazo hazijalipwa. Ukishuku wizi, Interpol Kampala hukagua magari. Makubaliano yaandikwe mbele ya wakili, fedha zipite benki, na uhamisho uanze siku hiyo hiyo.

Kwa walioko mipakani: gari lenye namba za Kenya linalouzwa kwa bei tamu Busia au Malaba, au la Kongo linalozunguka Arua, halijalipa kodi ya Uganda. Bei hiyo ni CIF tu iliyovaa nguo nyingine, na huenda umri wake umekwisha kuvuka miaka 15.

*Matengenezo ya mwanzo.* Mengi: oili na filta zote, plagi, mafuta ya gia, maji ya rejeta yenye kizuia kutu, mafuta ya breki, na miguu ya mbele karibu nzima. Kisekka utapewa spea za namna tatu: za asili, za kampuni nyingine, na zilizotolewa kwenye magari ya Japani. Kwa boli joini na tai rodi, nunua mpya. Kwa kioo, taa au mlango, ya Japani iliyotumika mara nyingi inashinda mpya ya bei rahisi. Lipa spea mwenyewe, fundi mlipe ufundi wake peke yake, na za zamani zirudi mikononi mwako.

Uchague ipi

Kama una fedha zote taslimu, unaweza kusubiri miezi mitatu, na unataka gari utakalokaa nalo miaka saba au minane, agiza. Lakini piga hesabu ya ada ya mazingira kwanza, na uchague mwaka wa gari kwa kodi kabla ya kuchagua rangi.

Kama kazi inaanza mwezi ujao, huamini mambo ya mtandaoni, au unahitaji kulipa kidogo kidogo, bondi inakufaa. Panga kulipa fundi mwenye uzoefu wa CVT aje yadini. Ujira wake ni mdogo kuliko sanduku la gia.

Kama bajeti ni finyu, una fundi unayemwamini, na gari ni la kutembea mjini, la namba za Uganda litakutosha, mradi hati zipite na asilimia zile za matengenezo ziwe mfukoni siku ya kununua.

Ukiwa Arua, Kitgum au Kasese, kilometa nyingi kutoka Kisekka, chagua aina ya gari kwanza kisha njia. Injini ya 1NZ yenye gia nne za kawaida hupata fundi na spea kila mji. CVT yenye shida itakurudisha Kampala kwa lori.

Kwa biashara ya teksi au usafiri wa programu za simu, lililokwisha tembea Uganda hulipa mapema zaidi, kwa sababu mtaji ni mdogo na gari litachakaa hata hivyo. Mwenye biashara hiyo asithubutu 1ZZ ya zamani inayokula oili: kila siku anayosimama gereji ni siku isiyo na mapato.

Na kama muuzaji, wa njia yoyote ile, anakukataza fundi, skana, picha za chini au nakala ya hati, nenda kwa gari jingine.